Joto Hutunzwa na Hewa, Si na Maji

Kwa muda mrefu niliamini maelezo ambayo wapiga mbizi wengi huelezana, kwamba suti ya mpira huingiza maji kidogo, mwili huyapasha moto, na maji hayo ndiyo yanayomkinga mtu na baridi. Maelezo hayo ni kweli nusu tu, na nusu ya pili niliijulia ndani ya maji ya nyuzi 9, nikitetemeka katika suti nene ya milimita 7 iliyokuwa ikinipwaya. Kila nilipoinamisha kichwa kutazama miamba, mkunjo wa nyuma ya shingo ulifunguka kama mdomo, na maji yakateremka kwenye uti wa mgongo hadi kiunoni. Nilipojinyoosha, yale yaliyokwisha kupata joto yakabanwa na kutoka. Nilikuwa nikiipasha moto bahari nzima, kijiko kwa kijiko.

Hugh Bradner, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley aliyebuni suti ya neopreni (mpira wenye viputo) mwanzoni mwa miaka ya 1950, alilielewa jambo hili mapema: kinachozuia joto lisitoroke ni viputo vya gesi vilivyonaswa ndani ya mpira wenyewe. Maji hupitisha joto takriban mara 25 zaidi ya hewa, kwa hiyo yale yanayoingia ndani ya suti hayana msaada wowote isipokuwa yakitulia. Ndiyo maana mimi sasa ningechagua suti ya milimita 5 inayonibana sawasawa kuliko ya milimita 7 inayonipwaya.

Viputo hivyo navyo hubanwa na kina. Kwenye mita 10 mgandamizo huwa mara mbili ya ule wa juu, na kwenye mita 30 huwa mara nne, hivyo suti uliyoinunua kwa unene wake dukani huwa nyembamba pale pale ambapo baridi imezidi. Suti kavu, yaani ile isiyoingiza maji kabisa, hukwepa tatizo hilo kwa kuwa mvaaji huongeza gesi ndani kadiri anavyoshuka, lakini joto lake hutegemea nguo zinazovaliwa chini yake, ambazo zisiwe za pamba, kwa sababu pamba ikilowa jasho haina faida. Wanaopumua mchanganyiko wa gesi wenye heliamu hubeba mtungi mdogo wa pekee kwa ajili ya suti, maana heliamu hupitisha joto kwa kasi kuliko hewa. Suti kavu inahitaji mafunzo yake, kwani gesi ikikimbilia miguuni inaweza kumpindua mtu kichwa chini na kumpandisha asivyotaka.

Siku ile niligundua hali imeharibika kupitia mkono wa kushoto. Kidole gumba kilikuwa juu ya kitufe cha kutolea hewa kwenye jaketi la kuelea, nakiona kwa macho yangu, lakini sikuweza kuhisi kama nimekibonyeza au la. Mwili ukipoa hubana mishipa ya mikono na miguu ili ulinde kifua na tumbo, na kwa sababu hiyo fulana ya mpira niliyoiongeza baadaye chini ya suti imevisaidia vidole vyangu kuliko glavu zozote nilizowahi kununua. Ngozi ya kichwa haibani mishipa yake kwa kiasi hicho, kwa hiyo kofia ya mpira si ya kuachwa juu ya mashua.

Baridi ya mwishoni mwa mbizi ndiyo ninayoihofia zaidi. Mtu aliyekuwa na joto chini kisha akapoa wakati wa kupanda huwa amenyonya nitrojeni nyingi damu ilipokuwa ikizunguka vizuri, na sasa mzunguko umepungua wakati ambapo gesi hiyo inapaswa kutoka kabla haijafanya viputo vya kudhuru mwilini. Kwa hiyo mimi huanza kupanda ningali na joto, wala sisubiri meno yagongane. (Kuhusu kukojoa ndani ya suti, sitamhubiria mtu, maji na baridi husukuma damu kuelekea kiwiliwili, figo nazo hufanya kazi yake. Joto lake ni la dakika chache, ila kiu inayofuata ni ya kweli, basi unywe maji.)

Juu ya maji, upepo ukiipiga suti iliyolowa hunyang'anya joto upesi, kwa hiyo mimi huvua sehemu ya juu, hujifuta na kuvaa koti la kuzuia upepo kabla hata ya kugusa vifaa vingine. Kabla ya kuingia tena, humimina maji ya uvuguvugu ndani ya glavu na viatu, ili mwili usianze kwa kulipia joto la maji mapya.

Suti ile nene niliipeleka kwa fundi, akaipunguza shingoni na kiunoni. Siku ya kwanza kuivaa nilihitaji mtu wa kunivutia zipu, nami nikalalamika kwamba sipumui. Chini ya maji niliinamisha kichwa kutazama miamba, nikasubiri, na hakuna kilichoteremka mgongoni.