Mabishano ya wavumbuzi yalivyonipa msamiati wa insha za hoja

Kiingereza cha mazungumzo hakikuwa shida kwangu. Kilichonitoa jasho ni insha za hoja, zile za kuchukua msimamo, kuutetea na kumjibu anayekupinga, hasa mada ikiwa ya sayansi na uvumbuzi. Orodha za msamiati nilikuwa nazo tele. Neno "evidence" maana yake nilikuwa naijua, lakini liandamane na kitenzi gani, hapo kalamu inasimama.

Mlango ulifunguka niliposoma kisa cha simu. Tarehe 14 Februari 1876, ombi la hataza (haki ya kisheria ya kumiliki uvumbuzi) la Alexander Graham Bell na hati ya mvumbuzi mwenzake Elisha Gray zilifikishwa kwenye ofisi ya hataza ya Marekani siku hiyo hiyo moja, zote mbili zikihusu kusafirisha sauti kwa waya. Bell akapewa hataza tarehe 7 Machi, na ubishi haujaisha mpaka leo. Kila aliyeandika habari hizi kwa Kiingereza alijikuta akihitaji maneno yale yale niliyokuwa nikiyakariri: "claim" kwa anayedai, "dispute" kwa anayepinga, "concede" kwa anayekubali kwamba mwenzake naye ana la kusema. Safari hii niliyaona yakiwa kazini. Nikaweka orodha kando, nikaanza kutafuta ubishi mwingine.

Daftari langu ni la kawaida. Kila ukurasa una swali moja juu, hoja za upande mmoja kushoto, za upande wa pili kulia, na chini hukumu yangu. Neno siliandiki likiwa peke yake, naliandika pamoja na yale linayotembea nayo: "provide evidence", "strong evidence", "a piece of evidence", kwa sababu neno hilo halina wingi.

Sentensi iliyonifundisha kuliko zote niliiandika mwenyewe chini ya ukurasa wa simu: "Although Gray filed his papers on the same day, this does not prove that Bell copied him." Sehemu ya kwanza inampa mpinzani haki yake, ya pili inarudisha hoja kwangu. Itazame vizuri: hakuna "but" katikati. Sisi tuliozoea "ingawa... lakini" mkono unataka kuitia, na Kiingereza hakiitaki. Halafu hicho kitenzi "prove" ni kizito. Ushahidi ukiwa wa kuashiria tu natumia "suggest", ukiwa na nguvu kidogo zaidi "indicate", na "prove" nakibakiza kwa jambo lisilo na mwanya. Naamini hapa ndipo insha nyingi hupoteza nguvu: mwandishi anatangaza kwamba amethibitisha, na ushahidi wake haujafika huko.

Kwa vitenzi vya uvumbuzi vyenyewe, penisilini ilinisaidia sana. Alexander Fleming aliigundua mwaka 1928, kwa hiyo yeye ni "discovered". Howard Florey na Ernst Chain ndio walioiendeleza hadi ikawa dawa ya kutibu watu, nao ni "developed". Tuzo ya Nobel ya mwaka 1945 walipewa wote watatu. Swali la nani anastahili sifa kubwa zaidi lina insha nzima ndani yake, na huwezi kulijibu bila kutenganisha vitenzi hivyo viwili. James Watt naye anakupa "improve": injini ya mvuke ya Thomas Newcomen ilikuwa ikifanya kazi tangu 1712, na hataza ya Watt ni ya 1769.

Nikishajaza ukurasa nafunga daftari na kuutetea kwa sauti upande nisioukubali. Neno lisilotoka mdomoni nalipigia mstari, nalitungia sentensi mpya kesho yake.

Sasa niko kwenye ukurasa wa taa ya umeme, Joseph Swan wa Uingereza na Thomas Edison wa Marekani. Hawa mwaka 1883 waliungana katika kampuni moja huko Uingereza, kwa hiyo safu zangu mbili hazitoshi. Nimechora ya tatu, ya maneno ya kupatana, na hadi sasa ina "compromise", "merge" na "share the credit".