Siku yangu na mafuta ya mchaichai

Saa 12 asubuhi niko soko la Kalerwe, Kampala. Mama anayeniuzia mchaichai ameshanifungia mafungu yangu. "Chukua na mujaja leo, mwanangu." Ndio ule tunaouita kivumbasi kwetu pwani. Nachukua.

Saa 3 mtambo wa kukenekea unachemka maabara. Mvuke unapita kwenye majani, unapoa, mafuta ya manjano yanaelea juu ya maji. Kilo nzima ya majani mabichi hunipa mililita chache tu, basi hata tone silimwagi.

Saa 5 nafungua visahani vya jana. Humo nimeotesha Candida albicans, fangasi anayeleta utando mweupe mdomoni mwa vichanga. Kiduara cha karatasi chenye mafuta kimezungukwa na agari, rojo la kuoteshea fangasi, likiwa tupu. Kile chenye kiyeyushi pekee, yaani kioevu cha kuzimulia mafuta, fangasi wamekipanda hadi ukingoni. Moyo hunidunda kila nikiona hivyo, ingawa najua kisahani si mwili wa mtu. Sitrali, kemikali kuu ya mafuta ya mchaichai, hupenya utando wa seli, seli ikavuja. Tatizo ni kwamba seli ya fangasi inafanana mno na yetu. Utando wake una mafuta yaitwayo ergosteroli, wetu una kolesteroli, na flukonazoli, dawa ya fangasi, hulenga pengo hilo dogo: huzuia ergosteroli isitengenezwe. Sitrali haichagui hivyo. Mafuta yasiyozimuliwa huunguza ngozi ya mtoto pia.

Saa 7, rolex (chapati iliyoviringishiwa mayai) ya Wandegeya, narudi.

Saa 9 nakaa kwenye hadubini. Candida akiwekwa katika seramu, yaani majimaji ya damu, kwa nyuzijoto 37, baada ya saa 2 au 3 huchipua kimrija, mwanzo wa nyuzi anazojipenyezea mwilini. Kwenye mafuta kidogo leo wengi wamebaki mviringo, bila kimrija. Naangalia mpaka macho yanauma.

Saa 12 jioni jirani ananingoja mlangoni na mwanawe mwenye mapunye. "Dada, nigawie tone moja tu." Nakataa, na inaniuma kukataa. Namweleza kwamba fangasi wa mapunye wameingia ndani ya unywele wenyewe, mafuta ya kupaka hayawafikii; mtoto anahitaji dawa ya kumeza, kama griseofulvini, kwa wiki kadhaa. Anainama, anamfunga mtoto kofia.

Kesho alfajiri nitawasindikiza zahanati. Mama wa Kalerwe nimeshampigia simu aniwekee mchaichai hadi mchana.