Krismasi ya Februari: kutoka Quimbaya hadi Quinamayó

Nilikwenda Kolombia kwa ajili ya Krismasi moja tu, ile inayosherehekewa Februari. Lakini ukishafika nchi ile mwanzoni mwa Desemba huwezi kujifungia chumbani ukisubiri Februari. Sherehe zao huanza usiku wa tarehe 7 Desemba, mkesha wa sikukuu ya Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili, na kuanzia hapo kila mkoa hufuata njia yake.

Usiku huo nilikuwa Quimbaya, mji mdogo wa mkoa wa Quindío, kwenye mashamba ya kahawa. Nchi nzima huwasha mishumaa vizingitini na kandokando ya barabara, desturi inayohusishwa na mwaka 1854, Papa Pio IX alipotangaza fundisho lile la Mkingiwa. Watu wa Quimbaya, hata hivyo, hawaridhiki na mshumaa mtupu. Wanakata karatasi za rangi, wanaunda ndege, maua na madirisha ya kanisa, mshumaa unawekwa ndani, na mitaa inashindana nani kapendeza zaidi. Nilipita barabara nzima nikiwa nimeinua shingo.

Kutoka hapo nikapanda basi kwenda Medellín, safari ya milima na kona zisizokwisha. Kila mtu aliniambia nikaone taa za Krismasi za mtoni, nikaenda, ni nzuri na watu ni wengi mno. Mimi nilichokipenda Medellín ni novena. Kuanzia tarehe 16 hadi 24 Desemba, jioni kwa jioni, familia na majirani hukusanyika mbele ya pango la Noeli, wanasoma sala ya siku hiyo, watoto wanatikisa kayamba na vizibo vya chupa vilivyotungwa kwenye waya, wote wanaitikia wakimwomba Mtoto aje upesi. Leo ni kwetu, kesho ni kwa jirani. Sala hizo zina asili ya karne ya 18, kwa padri Mfransisko wa Quito aliyeitwa Fernando de Jesús Larrea, na watu wazima wengi hawahitaji kitabu.

Jioni moja nilialikwa uani, ambako wanawake walikuwa wakipika natilla. Sufuria kubwa ya shaba ilikuwa juu ya kuni. Ndani mlikuwa na maziwa, wanga wa mahindi, vijiti vya mdalasini na sukari guru, ile ile tunayoijua sisi, nao huila mwaka mzima. Mwiko ulikuwa mrefu kama wa kupikia ugali wa shule, na sheria ilikuwa moja: mkono usisimame. Walipokezana. Mwenye nyumba alikuwa akiburuta mwiko katikati, akitazama kama chini ya sufuria kunaonekana kabla uji haujajifunika tena. Kulipoonekana, akasema imeiva, wakaimimina kwenye sahani, ikagandia humo, ikakatwa vipande. Pembeni kijana alikuwa akikaanga buñuelos, vidonge vya wanga wa mahindi na jibini ya chumvi. Mafuta yakiwa na moto sahihi, vinajigeuza vyenyewe. Yakizidi, vinapasuka, na kila mtu anasogea mbali. Tamu na chumvi huliwa pamoja. Nikala mpaka nikaona aibu, wakaniongezea.

Kwingine meza ni nyingine kabisa. Bogotá mkesha wa Noeli nyumba nyingi hupika ajiaco, supu ya kuku na viazi vya aina tatu. Mkoa wa Tolima huoka nguruwe mzima aliyejazwa njegere. Pwani ya Karibi hufunga mchele na nyama majanini na kuvichemsha. Mwenye kuwaletea watoto zawadi, angalau kwa jadi yao, ni Mtoto Yesu mwenyewe, na napenda wanavyoendelea kumshikilia hata madukani ambako mzee mwenye ndevu amejaa tele.

Januari nilishuka kusini hadi Pasto, kwenye Karnivali ya Weusi na Weupe, iliyoingizwa na UNESCO mwaka 2009 katika orodha ya urithi usioshikika. Tarehe 5 watu hupakana rangi nyeusi usoni, tarehe 6 unga mweupe. Inasimuliwa kwamba tarehe 5 inatokana na siku moja ya uhuru waliyopewa watumwa kila mwaka. Magari ya sanamu yaliyopita tarehe 6 ni kazi ya mikono isiyo na mfano. Siku ya rangi nyeusi ilinipa shida moyoni. Nilisimama pale na ngozi yangu, nikitazama wengine wakinawa yao jioni, nikataka zaidi kuwaona wale ambao siku ile iliwahusu.

Hao nikawakuta Quinamayó, kijiji cha wilaya ya Jamundí, kusini mwa jiji la Cali. Ukitoka Cali unapita miwa, miwa, miwa. Ndiyo hiyo miwa, pamoja na migodi ya dhahabu, iliyofanya Waafrika waletwe bonde hili la mto Cauca. Majina ya ukoo yanasema walikotoka: Carabalí kwa Calabar, Mina kwa Elmina. Utumwa ulifutwa kwa sheria ya mwaka 1851. Francia Márquez, aliyechaguliwa makamu wa rais mwaka 2022, anatoka Suárez, ng'ambo kidogo katika mkoa wa Cauca.

Wazee wanaeleza hivi: Desemba mabwana walikuwa na karamu, na mwenye kupika, kuhudumia na kuosha vyombo alikuwa mtumwa. Noeli yake ikasubiri. Akaja kuifanya katikati ya Februari. Na wana sababu ya pili, wanayoitaja kwa uzito uleule: Maria alikuwa ametoka kujifungua. Mzazi hatolewi nje kwenda kusimama kwenye sherehe. Anapumzika, ananyweshwa supu ya kuku wa kienyeji, siku zake zikitimia ndipo watu wanakuja kumwona mtoto.

Jioni ikaanza kwa kumtafuta huyo Mtoto. Ni sanamu ya mbao, mweusi, na mwaka mzima amehifadhiwa katika nyumba mojawapo ya kijiji. Msafara ulibisha hodi mlango baada ya mlango, watoto wakiwa wamevaa mabawa ya malaika na sare za askari, tarumbeta na ngoma nyuma yao, fataki zikilia. Alipopatikana, kelele ilipanda ghafla, mabibi wakampokea mikononi na kumbembeleza kama mjukuu.

Kisha ikaanza juga, ngoma yao. Unacheza kwenye mstari, miguu inaburuzwa bila kuinuliwa, hatua fupifupi. Wanasema waliokuwa na minyororo miguuni hawakuweza kuinua hatua, na wajukuu wameutunza mwendo huo makusudi. Nilitazama miguu ya mama mmoja wa makamo aliyekuwa mbele yangu: viatu vyeupe vya turubai, vumbi hadi kwenye kifundo, kisigino hakiachi ardhi hata mara moja, na juu ya kiuno mwili wote unacheka. Tulizunguka hivyo mpaka alfajiri. Vijiji vingine vya bonde hili, kama Dominguillo, vina tarehe zao, kwa hiyo mtu wa huko anaweza kusherehekea Noeli kwa jirani zake baada ya kumaliza ya kwao.

Bendi ilipopumzika nilikaa na bibi mmoja kwenye benchi. Nikamwambia kwetu Kibosho, chini ya Kilimanjaro, mzazi naye hukaa ndani na kupikiwa mtori, ndizi na nyama vilivyopondwa, na mama mkwe ndiye anayesimamia. Akaniuliza nyama ya nini, ndizi za namna gani, anakaa muda gani. Nikamweleza yote. Nikamkumbusha pia kwamba Kanisa lenyewe huadhimisha tarehe 2 Februari, siku ya arobaini, Maria alipompeleka Mtoto hekaluni.

Akafikiri kidogo. "Sasa mwanangu," akasema, "kama kwenu mnajua hayo yote, mbona Krismasi mnaifanya Desemba?"