Homa ya kupe kwa mbwa: nilivyoitibu mwilini na ukutani

Homa ya kupe kwa mbwa, ile inayoletwa na bakteria waitwao erlikia, hutibika kwa vidonge vya siku 28. Ugumu hauko kwenye vidonge, uko kwenye nyufa za banda, kwa sababu kupe waliobaki ukutani wanaweza kuurudisha ugonjwa dozi ikishaisha. Jike langu la kilo 18 nilimtibu huku nikilitibu na banda lake, hapa Dar es Salaam ambako joto halimpi kupe likizo.

Mbwa mwenye homa hii huacha chakula, hulala mno na hataki kusimama. Kumgusa pua hakupimi chochote. Chukua kipimajoto cha dijitali, paka ncha mafuta ya mgando, ingiza sentimita mbili hivi kwenye njia ya haja kubwa, subiri kilie. Joto la kawaida la mbwa ni nyuzi 38 hadi 39.2, wangu alikuwa amepita 40. Kisha funua mdomo, bonyeza ufizi kwa kidole na uachie: wekundu unapaswa kurudi ndani ya sekunde mbili. Ufizi uliopauka, vidoadoa vyekundu tumboni au mdomoni, au damu puani, mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Njiani usimpe diklofenaki, ibuprofeni wala aspirini. Damu yake tayari inaganda kwa shida, na dawa hizo huchubua tumbo na kuumiza figo za mbwa.

Swali ambalo daktari huuliza na wengi hawana jibu lake ni rangi ya mkojo. Ukiwa mwekundu au wa kahawia kama chai ya rangi, hushukiwa babesia, kimelea kinachopasua chembe nyekundu za damu. Erlikia ni kitu kingine: ni bakteria wanaoishi ndani ya chembe nyeupe, na hao huuawa na doksisaiklini, ile dawa ya siku 28. Babesia haimalizwi na doksisaiklini. Hutibiwa kwa sindano ya imidokabi, ambayo kwa kawaida hurudiwa baada ya siku 14. Kupe wa kahawia wa mbwa anaweza kubeba vyote viwili. Kwa hiyo sindano ya kubahatisha kutoka duka la dawa za mifugo siiafiki hata kidogo, kwani unaweza kutibu nusu ya ugonjwa na kudhani umemaliza.

Hospitalini damu huwekwa kwenye kichupa chenye kifuniko cha zambarau, tone moja hutandazwa kwenye kioo cha hadubini, na chembe huhesabiwa. Omba majibu kwa maandishi, yenye tarakimu, maana utayahitaji kulinganisha baadaye. Kinachotazamwa zaidi ni chembe sahani, zile zinazogandisha damu: mbwa mwenye afya huwa nazo 200,000 hivi au zaidi kwa kila maikrolita, na erlikia huzishusha sana. Zikiwa chache, bana pamba pale sindano ilipoingia kwa dakika tano bila kuchungulia.

Dozi ya erlikia ni miligramu 10 za doksisaiklini kwa kila kilo kwa siku. Kwa kilo 18 daktari aliandika kapsuli ya miligramu 100 asubuhi na nyingine jioni. Kapsuli hii ikikwama kwenye umio huuchoma hadi kuweka kidonda, kwa hiyo usimtupie kooni kavukavu. Nilikuwa nampa kwanza ugali kidogo wenye mchuzi wa nyama, kisha tonge lenye kapsuli, kisha tonge tupu, halafu maji kwa bomba la sindano lisilo na sindano, pembeni mwa mdomo, taratibu. Maziwa hayafai kwa kuisukumia. Kama amepewa na vidonge vya chuma kwa ajili ya upungufu wa damu, acha masaa matatu kati yake na kapsuli, la sivyo chuma huizuia dawa isiingie mwilini. Akitapika mara kwa mara, rudi kwa daktari abadilishe namna ya kumpa. Usipunguze dozi mwenyewe. Siku ya pili au ya tatu mbwa huwa ameanza kula na kubweka, na hapo ndipo watu wengi huacha dawa. Bakteria bado wamo.

Kupe wa mwilini niliwatoa kwa kibano: ndani ya masikio, katikati ya vidole, chini ya mkanda wa shingo na kwenye shina la mkia. Kamata karibu kabisa na ngozi, vuta moja kwa moja, mdumbukize kwenye spiriti. Usimpasue kwa kucha. Mafuta ya taa na oili chafu ya gari, ambayo bado naona watu wakimpaka mbwa, huunguza ngozi, na mbwa huyaramba. Kuogesha kwa amitrazi, dawa ya maji ya kuua kupe, daktari alisema tusubiri hadi awe anakula vizuri. Ile ya asilimia 12.5 huchanganywa mililita 2 kwa lita moja ya maji, haisuuzwi, na mbwa asijirambe hadi akauke. Haifai kwa paka, wala kwa mtoto wa mbwa aliye chini ya miezi minne. Baadaye nilihamia kidonge cha kutafuna cha kila mwezi, kinachonunuliwa kwa uzito wa mbwa. Mwenye kifafa asipewe kabla ya kuongea na daktari.

Sasa ukuta. Wengi hufyeka majani ya uani wakidhani kupe wako huko. Huyu wa kahawia anapenda jengo: jike akishiba huanguka, hupanda ukutani, huingia kwenye ufa na kutaga mayai ambayo huweza kufika elfu kadhaa. Nilichoma magunia ya kulalia, nikaziba nyufa kwa saruji, nikapulizia dawa yenye sipamethrini, kwa kipimo cha lebo, kuanzia sakafuni hadi kwenye mbao za paa. Mbwa alikaa nje hadi pakauka. Paka ahamishwe kabisa, kwani dawa hii ni sumu kali kwake. Haiui mayai, kwa hiyo nilirudia kila baada ya wiki mbili, hadi tochi ya usiku ilipoacha kuonyesha kupe wadogo wakipanda ukutani.

Dozi ikiisha, rudisha mbwa akahesabiwe damu, na tena mwezi mmoja baadaye. Usidai kipimo cha haraka cha kingamwili ili kuthibitisha amepona: hicho huweza kuonyesha chanya kwa miezi mingi hata kwa mbwa mzima kabisa. Tazama chembe sahani. Zikiwa zimeshuka tena, muulize daktari kuhusu kipimo cha vinasaba vya erlikia, na kagua nyufa upya usiku huohuo.