Ndezi wa Sabaki

Mwezi uliopita nilikwenda kumtembelea mjomba wangu, ambaye shamba lake liko ukingoni mwa Mto Sabaki, kaskazini ya mji wa Malindi, nikamkuta amesimama katikati ya mahindi yaliyoanza kubeba, mkononi ameshika bua lililokatwa karibu na shina kana kwamba limepitiwa na kisu kikali. Mimi, kwa ujuzi wangu wa mtu wa mjini, nikasema ni kazi ya kiboko. Mjomba aliinama akaokota vipande vya bua vifupi kama vidole, kisha akanionyesha kinyesi kidogo chenye mfuo mmoja uliopita kwa urefu wake.

"Kiboko angeacha nyayo kama masinia, mwanangu," akasema. "Huyu ni ndezi."

Nilikuwa nimezoea kumwita ndezi panya mkubwa, na kosa hilo si langu peke yangu, maana hata jina lake la kisayansi, Thryonomys, limeundwa kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya panya wa matete. Hata hivyo, miongoni mwa wanyama wagugunaji, ndezi ana udugu wa karibu zaidi na nungunungu kuliko na panya wa darini. Panya wa nyumbani hubeba mimba kwa muda wa wiki 3 hivi na kuzaa vitoto vipofu visivyo na unyoya hata mmoja. Ndezi hubeba mimba kwa takriban miezi 5, na watoto wake huzaliwa macho yakiwa wazi na miili imefunikwa manyoya. Dume aliyekomaa huweza kupindukia kilo 4, na meno yake ya mbele, yenye rangi ya machungwa, hayaachi kukua maisha yake yote.

Ndezi hana ngozi baina ya vidole kama nutria, yule mgugunaji wa Amerika ya Kusini aliyeletwa Kenya kwa ajili ya manyoya yake akaishia kuingia Ziwa Naivasha. Pamoja na hayo ni mwogeleaji hodari, na maji ndiyo ngome yake: hujipasulia vijia ndani ya matete, hutoka kula usiku, na anapohisi hatari hupiga ardhi kwa miguu ya nyuma, hutoa mluzi, kisha hukimbilia mtoni.

Matete, mahindi, miwa na mpunga vyote ni vya jamii moja ya nyasi, kwa hiyo mnyama aliyezoea kukata matete haoni sababu ya kuyabagua mahindi. Nilipomuuliza mjomba shamba lilikuwa likiishia wapi zamani, alinyosha mkono kuelekea mstari wa mikorosho, hatua nyingi kutoka majini; sehemu yote iliyobaki, ambayo sasa ni mahindi, ilikuwa matete aliyoyafyeka yeye mwenyewe. Sikuthubutu kumwambia kwamba mvamizi, kwa hesabu hiyo, si ndezi. Jirani zake humwinda kwa mbwa na nyavu, nao huisifu sana nyama yake. Huko Ghana na Benin watu humfuga katika vibanda kama tufugavyo sungura.

Usiku ule tulikaa dunguni, mjomba na debe lake la kufukuzia wanyama, mimi na tochi niliyokatazwa kuiwasha. Kwa muda mrefu hatukusikia ila vyura. Kisha ukatoka upande wa matete machache yaliyosalia mkato wa bua, mmoja, wa pili, wa tatu, bila haraka yoyote. Nilikohoa. Pakasikika kishindo kifupi cha miguu, mluzi mwembamba, halafu maji yakapasuka mara moja na kutulia, na mjomba akaliweka debe chini bila kulipiga.