Miembe ya babu

Leo baada ya chakula cha mchana, mdogo wangu anayesoma sheria alikuwa anamweleza babu habari za John Locke, mwanafalsafa wa Kiingereza wa karne ya 17.
Kwamba mtu akitoa jasho lake kwenye ardhi, ardhi hiyo inakuwa mali yake, na kazi ya serikali ni kuilinda.

Babu alimsikiliza mpaka mwisho.
"Na aliyekuta ardhi yote imeshachukuliwa, mjukuu wangu?"

Swali hilo ndilo lililomsumbua Mwalimu Nyerere. Tangu 1958 alipinga ardhi kugeuzwa bidhaa: jasho linakupa haki juu ya ulichokizalisha, si juu ya udongo wenyewe. Mwaka 1963 umiliki wa kudumu ukafutwa.
Hoja nzito. Mimi naikubali nusu.

Maana mwaka 1974 babu alihamishiwa kijiji cha ujamaa bila kuulizwa. Leo akaanza kuitaja miembe aliyoiacha, mmoja mmoja, akikunja vidole. Wa kisimani. Dodo wa nyuma ya jiko. Ule alioupanda baba alipozaliwa.
Alipomaliza mkono mmoja akahamia wa pili.

Haki za raia ziliingizwa kwenye Katiba yetu mwaka 1984. Miaka kumi baadaye!

Na bado babu anamtetea Mwalimu, kwa sababu ya shule iliyomfundisha kusoma.
"Babu, kwani uko upande gani?"
"Wa aliyepanda."

Ndugu zangu mliokuwa na wazee waliohamishwa, wao wanasemaje? Niandikieni hapa, nasoma zote.