Jangwa lililojaa ukuta mzima

Jumamosi jioni nilikaa na baba katika ukumbi mmoja hapa Arusha, tukatazama Lawrence of Arabia kwenye skrini iliyofunika ukuta mzima. Filamu hiyo ya David Lean ilitoka mwaka 1962 na ilipigwa picha kwa mkanda wa milimita 65 na kuonyeshwa kwa mkanda wa milimita 70, ambao upana wake ni mara mbili ya ule uliozoeleka wa milimita 35, na leo ninakiri kwamba miaka yote niliyoitazama kwenye simu sikuwa nimeiona.

Kuna pale kisimani. Upeo wa jangwa unatetemeka kwa mazigazi, kisha inatokea nukta nyeusi, ndogo kama punje ya ulezi, nayo inakuja polepole, bila muziki wowote, mpaka inageuka kuwa mwigizaji Omar Sharif juu ya ngamia. Kwenye simu nukta hiyo haionekani kabisa. Ukumbini watu waliacha kutafuna bisi, na baba akaniinamia akanong'ona, "Mwanangu, yule ni mtu?"

Njiani kurudi nyumbani alinisimulia kuhusu filamu ya Hatari! ya Howard Hawks, iliyotoka mwaka huohuo na kupigwa picha huku kwetu Momella, ambamo John Wayne na wenzake wanafukuza faru kwa magari. Baba alikuwa mtoto wakati huo. Nina hamu kubwa ya kumkalisha tena mbele ya skrini kama ile, alione vumbi la nyumbani kwao likitanda ukuta mzima.